Pole ya Njia Panda

Haidari hupeleka watu kutazama. Ndiyo kazi yake, na ukimuuliza atakujibu hivyohivyo bila haya: "Napeleka watu kutazama." Ana gari aina ya Noah, nyeupe, na anaishi Mbagala. Mwisho wa wiki huchukua watu wa Dar es Salaam wanaotaka kushuka kusini mpaka Kilwa, si kwa kukimbizwa kama ndani ya basi, bali kwa kusimamasimama. Vituo vyake ni saba na kila kimoja amekipa sifa yake. Mkuranga ni mananasi. Jaribu ni korosho za kukaanga zingali moto. Njia panda ya kwetu Mchukwi ni mikorosho yenyewe, ile ya zamani iliyoinamiana mpaka chini yake pakawa na baridi hata saa sita mchana. Kibiti ni kula. Ndundu ni daraja, na mto Rufiji chini yake. Somanga ni pweza na bahari inayochungulia kwa mara ya kwanza. Kilwa ni kufika.

Alipoianza kazi hiyo tulimcheka hapa kijijini, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Mimi ni jirani yao, ua kwa ua, nimemjua Haidari tangu anakimbia na kaptura iliyotoboka nyuma. Nilimwambia, mwanangu, mtu mzima na akili zake anafunga safari kuja kutazama mikorosho? Akanijibu, "Mama Mudy, wewe umeizoea. Mwenzio akiiona mara ya kwanza anashika mdomo." Basi, kila mtu na riziki yake.

Mama yake ni Bi Sijaona. Nasema "ni" kwa mazoea tu, ulimi haujakubali. Alizaa watoto wawili, Haidari na Mwantum, na Mwantum ndiye aliyebaki naye nyumbani. Alikuwa mwanamke mfupi, mchekaji, mwenye kushindana na mtu yeyote kwa maneno, na maradhi yake yalikuwa presha na miguu kujaa maji. Kifo hakukiogopa. Aliogopa kitu kimoja tu, nacho alikisema mbele yangu zaidi ya mara moja. Mama yake mzazi alifia bondeni, kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti wanachokaa watu kulinda mpunga. Ulikuwa mwaka wa mafuriko makubwa. Watu waliokuwa wanapita na mtumbwi wakamzika palipokuwa na udongo mkavu, wakaenda zao. Bi Sijaona hakujua mpaka mwisho mikono iliyomshusha mama yake ni ya nani.

"Mimi nataka unishushe wewe," alimwambia Haidari. "Usiniache nikashikwa na watu wa kupita."

Haidari akamwahidi. Alimwahidi akiwa amepiga magoti kwenye mkeka, amemshika vidole vya miguu, mimi nikiwa nachambua mchele pembeni. Mtoto wa kiume ni yeye peke yake. Haikuwa ahadi ngumu.

Sasa nieleze habari ya Mfaume, maana bila Mfaume hutaelewa kitu.

Mfaume ni fundi pikipiki pale Kibiti. Babu yake alishuka kutoka milima ya Umatumbi, akapewa shamba na babu yake Haidari, na tangu siku hiyo koo hizo mbili ni watani. Ukiwa mgeni unaweza kudhani ni maadui. Mfaume akiingia uani kwa Bi Sijaona alikuwa hapigi hodi, anauliza, "Huyu kizee bado yupo tu? Mbona hafi tukala ubwabwa?" Bi Sijaona naye humtupia ndala. Mwaka mmoja alikuja na jembe na kamba, akampima akiwa amelala mkekani, urefu na mapana. Mama wa watu akacheka mpaka akapaliwa. "Pima vizuri, mzoga wewe, usije ukanibana miguu!"

Haidari naye alikuwa akipigiwa simu. Mfaume alishamtangazia kifo cha mama yake mara nne kwa hesabu yangu mimi, pengine na zaidi. Mara ya kwanza Haidari aligeuza gari Kongowe, akiwa anarudi Dar na abiria ndani, akafika hapa anahema, akamkuta Bi Sijaona anakuna nazi. Watu walicheka wiki nzima. Tangu siku hiyo akawa hageuzi tena gari, anajibu utani kwa utani.

Na kuna hili pia. Kwao mtu akifa, habari haipelekwi na ndugu. Inapelekwa na mtani. Ni haki yake na ni kazi yake, na hatumwi mwingine mbele yake. Tena mtani halii wala hasemi kwa huzuni. Anatangaza msiba kwa mdomo uleule wa kutania, ili mfiwa apate pa kushikia. Ndivyo walivyozoea tangu babu na babu, na sijasikia hata siku moja mtu akauliza itakuwaje siku mfiwa akicheka.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa kumi na moja, msimu wa korosho, mabibo yamejaa chini na harufu yake imetanda kijiji kizima. Saa mbili asubuhi Mwantum aliniita. Sikumwelewa anasema nini, nikaruka ua. Bi Sijaona alikuwa ameegemea ukuta, kikombe kiko mkononi, uji haujamwagika. Nikamfumba macho mwenyewe.

Mfaume alifika kabla ya saa tatu. Aliingia uani kimya, akavua viatu, akamtazama. Nilimwona akitafuna midomo. Kisha akatoka nje, akatoa simu, akajikohoza mara mbili, akavaa ile sauti yake. Nilikuwa nateka maji ya kuoshea, nilimsikia neno kwa neno.

"Haidari, mtumwa wangu! Mama yako kachoka kukungoja, kahama. Njoo na sanda, tena usije mikono mitupu, haki yangu jogoo!"

Sikusikia alichojibiwa. Tulikuja kukijua baadaye. Haidari alikuwa Jaribu, amesimama na wageni wake wawili, bibi na bwana, Yasmini na Swalehe, waliokuwa wanatimiza mwaka wa tano wa ndoa yao. Walikuwa wanakula korosho na Yasmini anampiga picha mwanamke anayekaanga. Haidari aliangua kicheko akamjibu mtani wake: "Basi mzikeni, mimi nina wageni! Nitakuja kula ubwabwa!"

Mfaume akarudi uani akawaambia wazee, "Nimemwambia. Yuko njiani, na gari analo." Wakamuuliza, kapokeaje? Akasema, "Kanijibu kwa utani. Mnamjua."

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi, na mimi nilikuwa nimesimama ndani yake. Namba ya Haidari ninayo. Nimeiandika "Haidari Noah". Ningeweza kumpigia na kusema maneno mawili. Sikupiga, kwa sababu mtani alikwisha sema, na kumpigia mtu aliyekwisha ambiwa na mtani ni kama kumwambia mtani kwamba mdomo wake hautoshi. Nikaona aibu ya watu. Nikachukua ndoo nikaingia ndani kumwosha jirani yangu.

Wazee wakapanga kuzika baada ya adhuhuri. Kutoka Jaribu mpaka kwetu hata kwa mwendo wa konokono angefika. Mfaume alimpigia tena saa nne, na tena saa tano na nusu. Mara ya pili simu ililia mpaka ikakata, ya tatu ikakatwa. Haidari aliwaambia wageni wake, "Nina mtani wangu, leo kanikalia kooni," akaiweka simu ndani ya kisanduku cha gari. Walikuwa wanakwenda polepole, muziki umefunguliwa, wanasimama kila penye kitu cha kupiga picha. Yasmini alitaka kujua utani ni nini, naye akawaeleza, wakacheka wote watatu. Ametuambia haya Yasmini mwenyewe, huku amejifunika khanga niliyomwazima mimi.

Saa saba kasoro, ami yake Haidari, Mzee Shaabani, alikuwa anakuja mazikoni kutoka Kibiti kwa bodaboda. Ni mtu wa haraka na alikuwa anaiwahi sala. Alipofika njia panda ya kukata kuja Mchukwi akaiona Noah nyeupe imeegeshwa chini ya mikorosho. Haidari alikuwa ameegemea mlango. Wageni walikuwa wanaokota mabibo, mekundu na ya njano, na kuyapanga juu ya boneti ili wayapige picha. Mzee Shaabani hakushuka. Alimwambia dereva apunguze mwendo, akainua mkono.

"Pole sana, baba!"

Na Haidari, ambaye tangu alfajiri alikuwa nyuma ya usukani, akafikiri ami yake anampa pole ya safari na kazi, kama anavyopewa na kila mtu anayemkuta barabarani. Akainua mkono naye.

"Nishapoa, ami!"

Pikipiki ikapita. Ningependa kumlaumu Mzee Shaabani kwamba hakushuka, na nimemlaumu sana kwa siri. Lakini yeye alimwona mfiwa, akampa pole, akajibiwa. Angeuliza nini zaidi? Alidhani kijana anawangoja watu wa Dar ili aje nao. Kilichomkera ni yale mabibo juu ya boneti, na kile kicheko cha mwanamke.

Alikuja akakaa na wanaume pale uani, wakaswali, wakamaliza, na Haidari hajaonekana. Wakamuuliza, wewe njiani hukumwona? Akasema, "Nimemwona kwa macho yangu. Yuko njia panda na wageni wake wanapiga picha. Nimempa pole, kaniambia keshapoa."

"Keshapoa?" aliuliza shehe.

"Ndivyo alivyosema. Nishapoa, ami."

Wakamtuma mtu kwa pikipiki, akaenda akarudi, akasema njia panda hakuna gari, yamebaki mabibo chini na alama za matairi zilizoelekea Kibiti. Amepita. Kampita mama yake. Hakuna aliyesema neno hilo kwa sauti lakini niliwaona wanaume wanatazamana, na mimi mwenyewe, niliyemlea nusu, nikasema moyoni, loo, mji umemla huyu mtoto.

Shehe alisema maiti hacheleweshwi, lakini mwenye kuamua ni nyinyi wenye maiti. Ndipo Mwantum akasema kutoka ndani, nyuma ya pazia, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa anayo.

"Mzikeni. Mwenye mama keshapoa."

Wakambeba. Sisi wanawake tukabaki na kilio chetu. Walioshuka kaburini walikuwa watatu: Mzee Shaabani, mpwa mmoja wa Bungu, na Mfaume. Walitaka kumweka mtu mwingine upande wa kichwa, Mfaume akawaambia, hapana, mahali pa Haidari nitasimama mimi. Hakufanya mzaha hata mmoja, wala hakudai chochote njiani kama mtani anavyofanya, kuzuia jeneza lisipite mpaka apewe kitu. Watu waliliona hilo wakashangaa.

Wakati huo Haidari alikuwa Kibiti, anakula wali kwa kuku wa kienyeji.

Walifika Ndundu kama saa tisa. Pale pembeni ya daraja kuna wanawake wanaouza samaki, na mmoja wao, Mwanasiti, ni mtu wa kwetu aliyeolewa Ikwiriri. Kila safari Haidari humwagiza kambale wa kukausha, akirudi kesho yake anawachukua kumpelekea mama yake. Siku hiyo aliwaacha wageni wakapanda darajani kuutazama mto, yeye akateremka kwenye meza ya Mwanasiti, anapiga mluzi.

"Niwekee wawili wanono. Kesho nawapitia."

Mwanasiti alimtazama. "Wa nani, Haidari?"

"Wa mama. Wa nani tena?"

"Wa mama yupi?"

Haidari akacheka. "Ala! Mfaume kakupigia na wewe? Mwambieni leo kanichosha. Kaniulia mama tangu saa tatu asubuhi."

Mwanasiti aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye khanga yake. Amenisimulia mara mbili, na mara zote mbili anapofika hapa hutazama pembeni.

"Haidari," alimwambia, "mimi si mtani wako."

Haidari akaendelea kutabasamu kidogo, kama mtu anayengoja mwenzake aangue kicheko. Mwanasiti hakucheka. Akamwambia, "Mume wangu kaenda kuzika. Kanipigia sasa hivi, wanatoka makaburini. Nilidhani unapita hapa kwa kuwa umeshazika. Nimekuwa nakutazama unavyopiga mluzi, nasema, huyu mtu ana moyo gani?"

Haidari hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nani kamshusha?" Mwanasiti akasema hajui. Akauliza tena swali lilelile, kisha akakaa chini, palepale kwenye magamba ya samaki. Juu darajani Swalehe alikuwa anarudi kinyumenyume ili mto wote uingie kwenye picha, na Yasmini ameshika ukingo, anamwita Haidari aje awapige wakiwa wawili.

Swalehe ndiye aliyeendesha gari kurudi. Walipita Ikwiriri, wakapita Kibiti. Yasmini aliniambia kwamba njiani alizifuta picha zote za njia panda, kisha akaona aibu kwamba hata hilo alilifanya kwa ajili yake mwenyewe. Ndiye aliyekuwa ameomba wakae pale zaidi, mwanga ulikuwa mzuri. Nilijaribu kumchukia yule binti, sikuweza. Alilala jikoni kwangu siku mbili, akamenya viazi na kuosha sufuria za msiba kama mtoto wa nyumbani.

Walifika kama saa kumi na nusu. Haidari hakuingia uani, alikwenda moja kwa moja makaburini na viatu vyake. Udongo ulikuwa bado unyevu, na maji waliyomwagia yalikuwa hayajakauka. Alipiga magoti akaanza kuuondoa kwa mikono. Hakuwa na wazimu, alikuwa anafanya taratibu, konzi baada ya konzi, anauweka pembeni kama anayepanga kuurudisha. Shehe alimshika bega akamwambia, mwanangu, haifai. Haidari akasema, "Nataka nimshike tu, kisha mtafukia." Walimwinua wanaume wanne.

Alipoletwa nyumbani Mwantum alitoka ndani akasimama mlangoni. Macho yalikuwa yamevimba, sauti imetulia.

"Kaka, umeshapoa?"

Haidari hakuelewa. Naapa, aliitazama midomo ya dada yake na hakuelewa alichoulizwa. Hapo ndipo nilipojua kuna kitu tumekosea.

Asubuhi yake wazee walikaa uani kulitafuta kosa. Nilikuwa napeleka kahawa, na kwa kweli niliipeleka polepole. Walimwambia Mfaume ayarudie maneno aliyosema kwenye simu, asipunguze wala asiongeze. Mfaume akayarudia. Mtumwa wangu, kahama, sanda, jogoo. Wakamuuliza Haidari, ndivyo ulivyoambiwa? Akasema, "Ndivyo. Ndivyo anavyoniambia siku zote." Wakamuuliza Mfaume, kwa nini hukumwambia kwa lugha ya kawaida? Mfaume akawajibu, naye kwa mara ya kwanza akiwa mkali: "Baba yenu alipokufa, babu yangu alisemaje? Mlitaka nilie kwenye simu ili mseme Mfaume hajui utani?" Mzee Shaabani akasema, "Na mimi nilikupa pole." Haidari akasema, "Nilidhani ya safari, ami." Mzee wa watu akainamisha kichwa, akakizungusha kikombe mkononi na hakukinywa.

Nilikuwa nimetamani apatikane mmoja. Nilikuja na birika langu nikiwa na hasira ya kutosha kumgawia mtu mmoja ikaisha. Kumbe kila mmoja alifanya kama inavyotakiwa. Mtani alitangaza kama mtani, ami alitoa pole kama ami, jirani hakuingilia. Na Bi Sijaona akashushwa na mikono mingine, kama mama yake. Mpaka leo nikilikumbuka nataka kupasua kitu.

Mwantum alimpelekea kaka yake uji tangu siku hiyo, akawa anauweka karibu naye na kuondoka. Ninadhani hamlaumu tena yeye. Anajilaumu yeye mwenyewe kwa lile neno alilolisema nyuma ya pazia. Nimemwambia aache, ananiambia ndiyo, nimeacha.

Siku ya tatu ilikuwa ya hitima. Kwa desturi hiyo ndiyo siku ya mtani. Hapo Mfaume alitakiwa aingie amevaa khanga za marehemu, anachechemea kama yeye, anakohoa kama yeye, anatukana watu kama alivyokuwa akiwatukana, mpaka wafiwa wacheke kwa mara ya kwanza. Bi Sijaona mwenyewe alikuwa ameshamchagulia khanga, alimwonyesha. Tulizitoa, tukazikunja, tukaziweka kwenye kigoda mlangoni. Wanawake wote tulikuwa tunangoja, na nadhani tulikuwa na njaa ya kicheko kuliko ya ubwabwa.

Mfaume aliingia na kanzu na kofia. Alipiga hodi. Tangu nimjue sijawahi kumsikia akipiga hodi katika nyumba ile. Akatoa salamu, akapeana mikono na kila mtu, akakipita kigoda, akaenda kukaa mkekani karibu na Haidari, miguu ameikunja kwa adabu.

"Assalamu alaykum, ndugu Haidari."

Haidari alimgeukia. "Ndugu Haidari ndiye nani?" aliuliza. "Niite jina langu. Niite mtumwa wako."

Mfaume akatikisa kichwa. "Siwezi."

"Nitanie, Mfaume. Neno moja tu."

"Nimejaribu tangu juzi. Nikifungua mdomo naisikia ile simu."

Watu walijitia kuzungumza habari za bei ya korosho ili wasionekane wanasikiliza. Nami nilikuwa mlangoni na sinia, sikusogea.

Kisha Haidari akauliza kwa sauti ndogo, "Wewe ulikuwa upande wa kichwa?"

"Mimi."

"Alikuwa mzito?"

Mfaume huyu, ambaye kwa miaka yote alikuwa na neno juu ya unene wa yule mama, kwamba siku akifa itabidi waite winchi kutoka Dar es Salaam, aliitazama mikono yake akaigeuza viganja juu.

"Mwepesi," alisema. "Mwepesi mno. Ungemshusha peke yako."